Meshi Haifuliwi Siku ya Salongo

Vijana mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi yetu kabla sijasahau, kana kwamba kustaafu ni malaria inayoanzia kichwani. Haya, naandika. Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nani alinipigia makofi. Anayetaka habari hizo akaulize kwa watunza mafaili, wanazo hadi za ziada. Mimi nitaandika juu ya utambi, ambao huku Goma tunauita meshi. Ninyi mnaofunga paneli za jua juu ya mabati na kushuka mkipanguza mikono hamjawahi kukosa usingizi kwa sababu ya utambi. Kwa hilo nawaonea wivu kidogo, na huruma kidogo.

Frigo zetu za chanjo zilikuwa zinakula petroli, yaani mafuta ya taa. Chini palikuwa na tanki. Utambi wa pamba, ulioshonwa duara kama mkono wa shati, ulizama ndani ya tanki, ncha yake ikatokea juu kwenye kichomeo, na mwali wake ukapasha joto bomba lililopanda nyuma ya frigo. Bomba likipata moto, ndani kunakuwa baridi. Msiniulize mara mbili, ndivyo ilivyo: moto chini, barafu juu. Baba yangu, mfugaji wa ng'ombe kule Masisi, alinisikiliza nilipomweleza kazi niliyoipata, akatikisa kichwa.

"Banakudanganya, mwanangu. Moto inapikaka maziwa. Haiwezi kuleta baridi."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakubadilisha neno. Nilipomwambia kwamba petroli yenyewe inapanda kutoka tankini bila pampu, aliniuliza kama huko mjini maji nayo yanapanda mlima. Nikacheka.

Jibu nililipata kwa Muzee Safari. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu, mtu mfupi, mpole kwa vyombo na mkali kwa watu, na suruali zake zote zilikuwa na viraka magotini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kichomeo cha frigo kiko mvunguni kweli kweli. Siku yangu ya kwanza karakanani nilidhani atanipa spana. Alinipa bilauri ya chai ya rangi, na nilipoinua kuinywa akanipokonya.

"Si ya kunywa hiyo. Ni ya kuangalia."

Alikuwa na mirija mitatu ya kioo aliyopewa na rafiki yake wa maabara ya hospitali. Mmoja ulikuwa mnene kama kalamu, wa pili kama njiti ya kiberiti, wa tatu tundu lake halikuonekana mpaka uuelekeze dirishani. Aliisimamisha yote ndani ya chai. Katika ule mnene chai ilijikunja kidogo tu pembezoni. Katika wa pili ilipanda, ikasimama. Katika ule mwembamba ilikwea mbio, ikapita uso wa chai, ikapita ukingo wa bilauri, ikatulia juu huko kama iliyofika kwao. Hakuna aliyeinyonya, hakuna aliyeisukuma.

"Muzee," nikauliza, "ni nani anaivuta?"

"Angalia tena."

Nikaangalia mpaka chai ikapoa. Alinifanya nirudie kesho yake, na siku iliyofuata, kwa maji, kwa petroli, kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Alipoona nimeacha kuuliza ili kumfurahisha na nimeanza kuuliza kwa kutaka kujua, ndipo akaketi juu ya kreti la soda na kunieleza.

"Hakuna mutu mwenye anaivuta. Maji inapenda kiyoo. Inakamata ukuta, inapanda kidogo pembeni. Maji ya katikati haipendi kubakia nyuma, inafuata. Ya pembeni inapanda tena, ya katikati inafuata tena. Mpaka uzito yake inasema: basi, hapa naishia."

"Na ule mwembamba?"

"Mwembamba iko na maji kidogo na ukuta mingi. Muzigo kidogo, mikono mingi. Ule munene, muzigo mingi, mikono ni ile ile ya pembeni. Ukipunguza upana nusu, maji inapanda mara mbili."

Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na mengine yaliniliza. Hakuna lililonikaa kama hilo la mzigo mdogo na mikono mingi. Siku hiyo nilienda nyumbani nikiangalia kila kitu: sukari iliyonyonya chai kutoka chini, ukuta wa chumba changu uliopanda unyevu mpaka magotini kila msimu wa mvua, kitenge changu kilichogusa dimbwi kwa ncha na kulowa mpaka kwenye shavu la mguu. Mambo haya yote nilikuwa nimeyaona tangu utotoni. Kumbe sikuwa nimeyaona.

Jambo la pili alinifundisha kwa zebaki. Kipimajoto kilikuwa kimevunjika, naye akakusanya vile vitone vyenye kung'aa kwenye kichupa. (Siku hizo tuliichezea. Ninyi msiiguse, ina sumu, na mimi siwezi kuja kuwazika nyote.) Alichovya mrija mwembamba ndani ya zebaki. Badala ya kupanda, ndani ya mrija zebaki ilishuka, ikasimama chini kuliko ile ya nje, mgongo wake umevimba kama mtu aliyenuna.

"Hii haipendi kiyoo," Muzee akasema. "Kitu chenye hakilowanishe, hakipande. Shika hiyo, utaishi nayo."

Na utambi? Utambi ni mirija ambayo hakuna fundi aliyeitoboa. Kati ya uzi na uzi mna nafasi nyembamba, maelfu kwa maelfu, na petroli inazipanda zote kwa pamoja, kimya, usiku na mchana. Muzee Safari alikuwa na mkasi mmoja wa kukatia utambi ambao hakuruhusu ukate hata kucha. Alikuwa na pima-maji, kwa kuwa frigo iliyoinama haifanyi baridi na sakafu zetu zimelala juu ya mawe ya volkano yasiyojua kunyooka. Na alikuwa na kioo kidogo cha mkononi, cha kujipakia poda, alichokitelezesha chini ya frigo ili aone mwali bila kulala kifudifudi. Akiona mwali wa bluu, anaimba. Akiona wa njano, anatukana, maana njano ni masizi, na masizi yanaua baridi.

Alikuwa na sheria moja asiyoipindisha. Utambi uwe mpya, uwe wa zamani, kabla ya kuufunga uning'inize msumarini, ncha tu iguse petroli, na usubiri. Usiwashe kiberiti mpaka uone kwa macho yako kwamba imepanda pande zote. Nilimwona akiwasubirisha madaktari, na mara moja alilisubirisha gari lililokuwa linaunguruma mlangoni limejaa watu. Wengine walimwita mkaidi. Mimi pia, moyoni. Leo nasema hivi bila haya: sijafanya kazi na mtu mwingine aliyeheshimu kitu kidogo kiasi kile.

Sasa niwape kisa chenyewe. Muzee Safari alikuwa amekwisha kustaafu, amehamia Kiwanja anauza mbegu za maharage, na mimi ndiye niliyezunguka vituo vya afya na kisanduku chake cha vifaa. Watu walikuwa wameniita Mama Frigo mpaka jina langu la ubatizo likabaki kanisani. Wiki hiyo nilikuwa narudi Goma kutoka Kiwanja kwa pikipiki, na utambi mpya wa mwisho nilikuwa nimeufunga huko huko Kiwanja. Nikapitia Kalengera kusalimu tu. Nilipofika, barabara ya kwenda Goma ikafungwa mbele yetu, kama ilivyozoea. Mwenye pikipiki akazima injini na kutafuta mahali pa kunywa chai.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, usafi wa pamoja. Kila mtu kijijini alikuwa na jembe au fagio. Mkuu wa kituo cha afya alikuwa muuguzi mmoja, Mama Vumilia, na sijaona kituo safi kuliko chake mahali popote. Ungeweza kula ugali juu ya sakafu yake, na angekukaripia kwa kuangusha punje. Alikuja kunipokea mikono ikinuka sabuni.

"Mama Frigo, ni Mungu amekuleta! Moto inazimika. Nawasha, inakufa. Nawasha tena, inakufa tena."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Na tumefanya salongo ya kweli, nimesafisha bintu byote, hata chini ya frigo."

Ndani ya frigo hiyo mlikuwa na chanjo za surua. Familia zilizokimbia vita kutoka vilimani zilikuwa zimejaa shuleni na kanisani, surua ilikuwa imeanza kukohoa katikati yao, na Jumatatu watoto wote waliitwa wachanjwe. Kwa barabara ile iliyofungwa, hakuna chanjo nyingine ambayo ingefika. Tulihamisha vichupa kwenye sanduku la baridi pamoja na vipande vya barafu vilivyobaki, ambavyo tayari vilikuwa nusu maji. Kisha nikainama.

Petroli ilikuwemo, safi. Frigo imesimama sawa. Kichomeo hakina hata chembe ya masizi, kinang'aa kama kikombe cha meza ya Bwana. Nikawasha. Mwali ukashika, ukatikisika, ukafa, ukaacha harufu ya pamba iliyoungua. Nikachomoa utambi. Ulikuwa mweupe. Utambi wa kazi hauwi mweupe. Ulikuwa mzito, wa baridi, na nilipouweka puani ulinuka kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Mama Vumilia, hii meshi umeifanya nini?"

"Ilikuwa nyeusi! Nimeifula na sabuni, nikaisugua mpaka ikakuwa nyeupe. Nikaianika, lakini mvua ikanyesha. Unaona vile ilitakata?"

Aliisema kwa fahari, na mimi hasira ilinipanda, haraka kuliko petroli. Nikaimeza. Karatasi tuliyobandika sisi mafundi juu ya mlango wa frigo ilisema: safisha kichomeo kila wiki. Utambi umo ndani ya kichomeo. Mwanamke huyu alikuwa ametii kuliko wote tuliowahi kuwapa karatasi ile.

"Mama, maji imetangulia kuingia," nikamwambia. "Petroli inafika, inakuta biti byote bya kukalia biko na batu. Haina nguvu ya kufukuza maji. Inabakia chini, na juu pamba inaungua yenyewe."

Akaelewa papo hapo. Nilimwona akielewa, akakaa juu ya ndoo aliyokuwa ameigeuza.

"Banamama bengine banatoka kule juu na batoto mugongoni, banapita fasi za kuogopesha. Nikibaambia barudi juma ingine, habatarudi. Na ule mwaka wa surua, ni miye nilibafunga macho bale batoto, mumoja mumoja. Siwezi tena, Mama Frigo. Siwezi."

Nikauinua ule utambi uliolowa. Nikamwambia: "Basi tuifukuze hiyo maji."

Kwanza tuliondoa sabuni, kwa maji ya mvua yaliyochemshwa, tukiukamua utambi ndani ya shashi safi. Halafu alikoli ya kituo, ile spiriti ya kusafishia vidonda. Alikoli hujichanganya na maji na kutoka nayo, na inayobaki huruka upesi. Tuliuloweka, tukaukamua, tukauloweka tena, kisha tukauning'iniza barazani, mbali na moto, mpaka harufu ikaisha. Sikutaka kuungua nyusi kwa ajili ya elimu. Ndipo tukaleta mbabula, yaani jiko la makaa, yenye makaa yaliyofifia, tukageuza kifuniko cha sufuria juu yake, na Mama Vumilia akaukausha utambi huo kwa vidole vyake, akiugeuza na kuugeuza kama andazi ambalo lazima liive bila kubadilika rangi. Nje mvua haikuwa na habari na sisi.

Kila mara aliinuka kuangalia vichupa. Mnakijua kile kimraba kidogo kwenye lebo, kinachoanza kikiwa cheupe ndani ya duara lake lenye rangi nzito na kuwa cheusi kadiri joto linavyokipata. Kikifanana na duara, tupa chanjo.

"Ikoje?"

"Imeanza kuwa ya majivu. Lakini duara inaipita bado kwa weusi."

Utambi ulipokauka kwa mkono, nikaupachika msumarini, ncha ndani ya bilauri ya petroli. Tukasimama mbele yake wawili. Rangi ya unyevu ikaanza kupanda kwenye nyuzi, polepole, ikapanda upande wa kulia, ikapanda nyuma. Upande wa kushoto ikafika kwenye mshono na kusimama. Juu ya hapo pamba ilibaki nyeupe.

"Weka basi!" akasema. "Imetosha! Upande mukubwa imepanda!"

Niseme kweli, nilitamani kumsikiliza. Mwali wa upande mmoja ungewaka, na kuuona tu ungetutuliza mioyo. Lakini ungetoa masizi, nayo yangeziba bomba, na kabla ya Jumatatu tungebaki na frigo ya kuwekea vitambaa. Nikasikia sauti ya yule mfupi mwenye viraka magotini. Kitu chenye hakilowanishe, hakipande. Palipokuwa na maji, petroli isingelowanisha.

"Hapana, Mama. Tunaanza tena."

Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, kisha akachukua ile chupa ya alikoli. Hapo ndipo nilipompenda. Watu wengi huweza kukosea, na wengi huweza kulia. Wanaoweza kuanza tena upya, kwa uangalifu ule ule, huku vichupa vinapata joto nyuma yao, nimekutana nao wachache sana.

Mara ya pili ilipanda pande zote. Ilipita mshono bila kusita, ikafika juu, ncha ikameremeta. Mama Vumilia aliweka kidole juu yake, akakinusa, akasema, "Petroli," kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mtoto aliyerudi nyumbani. Tukafunga kichomeo, nikawasha, nikatelezesha kioo cha poda mvunguni. Bluu, duara zima.

Frigo ile si ya haraka. Jumapili asubuhi, kengele zikilia, Mama Vumilia alikuwa amekaa mbele yake na kitambaa cha ibada kichwani.

"Hauende misa?"

"Mungu anajua fasi niko."

Kabla ibada haijaisha, kipimajoto kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye baridi inayotakiwa. Tulirudisha vichupa ndani, vimraba vyao vya majivu lakini bado vyeupe kuliko duara, na barafu ya sandukuni ilikuwa imekuwa maji matupu. Jumatatu akina mama wakashuka. Kulikuwa na kilio pale uani kilichotisha hadi mbuzi, na Mama Vumilia alipita katikati na sindano zake akisema, "Lia, baba, lia, ni vizuri." Nililia pia, nikasingizia moshi. Surua haikupata mtoto wa kumchukua pale shuleni.

Safari iliyofuata nilimweleza Muzee Safari, kwenye meza yake ya mbegu sokoni Kiwanja. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha ghafla.

"Ule mama ni mwalimu," akasema. "Sisi tulisema safisha. Hatukusema nini haisafishwe. Rudi, andika."

Nikarudi, nikaandika kwa rangi nyekundu juu ya kila frigo niliyoigusa: MESHI HAIFULIWI. Maneno yana miguu. Baadaye, huko Kanyaruchinya, nilimsikia mwanamke ambaye hajawahi kuona frigo ya petroli akimwonya dada yake asichokonoe ndoa iliyokuwa inatembea vizuri tu. "Achana nayo," alimwambia. "Meshi haifuliwi." Sikujitambulisha.

Kisha jua likaja na paneli zake, na ninyi mkaja nalo. Sina kinyongo. Frigo zenu hazina harufu, hazitukanwi, na hakuna anayepiga magoti. Ile ya Kalengera ndiyo niliyoing'oa ya mwisho. Mama Vumilia, mvi zimemjaa, aliniomba kitu kimoja tu kabla haijapakiwa. Nikafungua kichomeo, nikachomoa utambi mweusi, nikampa. Akaufunga kwenye kona ya kitenge chake.

Mnakumbuka siku mliyoniaga. Chai, mandazi, hotuba. Bosi alikuwa bado anataja sifa zangu, nyingine za mtu mwingine kabisa, alipoingia mwenye pikipiki kutoka Kalengera na kifurushi kilichofungwa kwa shashi. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Ni ya Mama Frigo. Mama Vumilia anakusalimia. Amesema hivi: sasa hainaka kazi tena. Jumamosi, ku salongo, nimeifula."

Nikafungua. Ulikuwa mweupe, umesuguliwa kila uzi, umekauka barabara, unanuka sabuni. Wengine mlicheka bila kujua mnacheka nini. Mimi nikafanya nilichokijua: nikaushika utambi kwa juu, nikashusha ncha yake mpaka ikagusa chai kwenye bilauri yangu.

Bosi akaacha hotuba. Simu zikashuka mezani, moja baada ya nyingine. Rangi ya chai ilipanda kwenye ile pamba nyeupe, ikafika kwenye mshono, ikaupita, ikaendelea kuja kwenye vidole vyangu. Na wewe uliyekaa karibu yangu, unayejua kila kitu cha paneli, ukainama mpaka pua yako ikakaribia bilauri.

"Mama," ukauliza, "ni nani anaivuta?"

"Angalia tena," nikakuambia.